Betri Haikuwa na Kosa

Mwezi wa tano mwaka jana, nikibonyeza stata ya pikipiki yangu nasikia "tak" moja, kisha kimya. Taa ya mbele yawaka vizuri, honi yalia, injini haigeuki. Ni pikipiki ya Kijapani yenye umri wa miaka 26, na haina kiki ya kuwashia kwa mguu, kwa hiyo stata ikigoma ni kusukuma tu. Nimeisukuma kutoka Mwembe Tayari hadi karibu na Makupa, hapa Mombasa, jua la saa saba, mwanangu nyuma yangu amebeba helmeti mbili.

Fundi wa kwanza hakufungua hata kiti. "Ami, betri hii ishakufa, leta nyingine." Nikatoa shilingi 3,800. Ikawaka siku tatu, ya nne tak. Wa pili akasema mota ya stata, ile inayogeuza injini, ndiyo mbovu. Akaifungua, akabadilisha kaboni zinazopitisha umeme ndani yake, nikalipa tena. Haikumaliza wiki.

Siandiki haya kuwatukana mafundi. Kijana anayefanya kazi chini ya mwarobaini, wateja watano wamemsimamia, ana haraka ya haki. Lakini kubadilisha vipuri kwa kubahatisha ni ugonjwa, na sisi wenye pikipiki ndio tunaoulea. Tukiambiwa "subiri nipime" twanuna. Tukiambiwa "nunua" twatoa pesa.

Aliyeitatua ni mzee mmoja wa Majengo, fundi wa umeme wa magari. Aliweka ncha moja ya mita ya kupimia umeme kwenye nguzo ya hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia, "Bonyeza, mwanangu." Mita ikapanda hadi volti 6. Kati ya sehemu zile mbili hapana kitu ila waya mmoja mnene, na waya mzima haupaswi kula hata nusu volti. Huu ulikuwa ukila nusu ya umeme wote kabla stata haijapata chochote.

Akauchuna kwa wembe. Nje plastiki nyeusi, safi kabisa. Ndani, pale waya unapoingia kwenye kichwa chake, nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani uliomwagikia kiganja chake. Nyuzi nzima zilizobaki hazikufika kumi. Ndipo nikaelewa zile siku tatu za betri mpya: fundi alipokuwa akifungua na kufunga nati, waya ulitikisika, ukapata kushika kidogo.

Na taa je, mbona iliwaka vizuri? Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Taa ya wati 35 hula takriban ampea 3. Stata hula makumi ya ampea, na pale inapoing'oa injini iliyolala huweza kupita mia. Fikiria lango la kivukoni Likoni: usiku wa manane mtu apita bila kuguswa bega, saa kumi na mbili jioni lango lile lile halipitiki. Nyuzi kumi zatosha kupitisha umeme wa taa. Wa stata hazitoshi.

Kwa hiyo washa taa, kisha bonyeza stata huku ukiitazama. Ikizimika kabisa au ikififia sana, shuku betri, vifungio vyake au waya wa hasi. Ikififia kidogo tu na stata imenyamaza, acha betri ya watu, fuata njia: waya wa chanya, kisha rilei ya stata, ile swichi ya umeme inayoipelekea stata umeme. Kama hata tak haisikiki, anza na fyuzi, swichi ya kuzimia injini kwenye usukani, ya klachi na ya stendi. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, hapo sawa, ilaumu. Mita ya kawaida haifiki shilingi elfu moja, na naona kila mwenye pikipiki kuukuu hapa pwani apaswa kuwa nayo.

Nasema pwani kwa sababu. Upepo wa bahari peke yake hula shaba, lakini tunauongezea nguvu wenyewe. Maji matamu ni shida mjini, basi pikipiki zaoshwa kwa maji ya chumvi ya kisima, tena kwa mpira wenye kasi, yakipenya chini ya kiti na kukauka ndani ya kila kiungo. Mimi nilifanya hivyo miaka. Sasa kidumu kimoja cha maji matamu na kitambaa chanitosha, na kila baada ya miezi mitatu nafungua viungo vya betri, nasugua kwa msasa hadi chuma king'ae, nafunga, napaka grisi juu.

Waya mpya ulinigharimu shilingi 350. Mzee hakutaka zaidi, ikabidi nimwekee ya chai mfukoni kwa nguvu.

Pikipiki yawaka kwa kidole kimoja mpaka leo. Juzi lakini nilipima betri injini ikinguruma nikaona volti 12.9, nayo inapaswa kuwa kati ya 13.5 na 14.5. Soketi ya rektifaya, kifaa kinachotengeneza umeme wa kuchaji betri, ina pini moja iliyobadilika rangi kwa joto na plastiki yake imeanza kuyeyuka. Jumamosi naikata, naunga upya, kisha napima tena.