Ini zito, ini zima?

Machinjioni hapa Moshi, alfajiri, mkaguzi wa nyama hulipapasa ini la ng'ombe kwanza, kisha hulipasua kwenye mirija ya nyongo. Siku niliyokuwepo lilikuja moja kubwa kweli, ambalo mwenye bucha alikwisha kulipigia hesabu ya kilo. Kisu kikakwaruza kana kwamba kinakata mchanga, wakachomoza minyoo bapa kama majani madogo. Upande mmoja ulikuwa umesinyaa, wa pili umenenepa kufidia.

"Daktari, niachie basi huu upande mzuri," mwenye bucha akaomba.

"Mangi, mizani haijui minyoo. Hili ni la shimoni."

Nimelikumbuka ini lile juzi tukiwa kwenye chai. Kijana mmoja wa chuo alituletea habari kwamba panya waliokatwa sehemu kubwa ya ini, wakichomwa homoni, ini lao hukua haraka kuliko la wenzao. Meza nzima ikachangamka: kwa nini wagonjwa wetu wanaofanyiwa upasuaji wa ini hawapewi? Mama mmoja, muuguzi mstaafu, akasema tusubiri kwanza. Akaambiwa watu wa zamani huogopa kila kitu. Nadhani maneno yale yalimkata maini, na si haki, kwa sababu pale mezani ni yeye peke yake aliyekuwa na swali.

Hata hivyo wanaotetea homoni hawabahatishi. Tangu mwaka 1931, watafiti Higgins na Anderson walipoandika juu ya panya walioondolewa kama asilimia 70 ya ini, inajulikana kwamba kinachobaki hukaribia uzito wa mwanzo ndani ya siku 7 hadi 10. (Wengi hudhani ni kama mkia wa mjusi. Sivyo, kipande kilichokatwa hakioti tena, bali pande zilizobaki ndizo hunenepa.) Mwaka 1967 Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili, wakamkata ini mmoja wao. Ini la mwenzake, ambalo halikuguswa na kisu, likaanza kutengeneza DNA tayari kwa kugawanya seli. Kulikuwa na kitu kilichopita kwenye damu.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mbwa, la miaka ya 1970. Thomas Starzl, daktari yule aliyejaribu kwa mara ya kwanza kupandikiza ini kwa binadamu mwaka 1963, alihamisha njia ya damu itokayo kwenye utumbo na kongosho isipite tena kwenye ini. Ini likanywea. Halafu yeye na wenzake wakawa wanatiririsha insulini kidogo kidogo kwenye mshipa wa upande wa kushoto peke yake. Seli za kushoto zikabaki nono, za kulia zikasinyaa. Mbwa yuleyule, ini lilelile. Ongeza T3, homoni ya tezi ya shingoni: panya ambaye hajakatwa chochote akipewa, seli za ini lake huanza kugawanyika. Baada ya hapo nani ataziita homoni porojo?

Yule mama hakuziita porojo. Alichouliza ni hiki: "Limekua, sawa. Linafanya kazi?"

Majaribio mengi ya panya huishia kwenye mizani. Mnyama anauawa, ini linapimwa, uzito wake unalinganishwa na wa mwili, au zinahesabiwa seli zinazogawanyika. Lakini mgonjwa haponi kwa gramu. Anahitaji ini linaloondoa amonia kwenye damu, linalotengeneza protini za kugandisha damu, linalotoa nyongo. Na ukubwa na kazi huweza kuachana. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani walieleza upasuaji wa hatua mbili unaolifanya ini la binadamu liongezeke kwa kama asilimia 74 katika siku 9 hivi. Watu walistaajabu. Ila walipokuja kupima kazi yenyewe, kazi ilionekana ikichechemea nyuma ya ukubwa.

Halafu kuna namba ambazo mimi binafsi zimekataa kunitoka kichwani. Mwaka 1999 yalichapishwa majaribio mawili ya homoni ya ukuaji kwa watu wazima 532 waliokuwa mahututi. Hoja ilikuwa nzuri: mgonjwa anakonda, misuli inaisha, mpe homoni ya kujenga mwili. Nchini Finland, waliopewa homoni walikufa asilimia 39, wasiopewa 20. Katika jaribio la nchi kadhaa, 44 kwa 18. Isome tena hiyo ya mwisho. Katika kila wagonjwa mia, 26 zaidi walikufa kwa kupewa kitu ambacho kila mwenye akili angekisifu siku moja kabla. Ni kweli, hawakuwa wagonjwa wa kukatwa ini, na dozi ilikuwa kubwa. Watetezi husema hivyo na wana haki ya kusema. Lakini miongoni mwa wagonjwa wale walikuwamo waliotoka kwenye upasuaji mkubwa wa tumbo na wa moyo, watu wanaofanana na wetu kuliko panya yeyote anavyofanana nao.

Maana panya wa maabara ni kijana mwenye ini safi. Seli zake hufikia kilele cha kutengeneza DNA kama saa 24 baada ya kisu, na mtafiti huichoma homoni akiilenga saa hiyo. Mgonjwa anayelala mezani huku kwetu mara nyingi amekuja na uvimbe juu ya ini ambalo homa ya ini ya B imelitia makovu kwa miaka, na huenda na mahindi yenye sumukuvu, na gongo. Seli zake ni chache na zimechoka. Pengine ndiye anayeihitaji homoni kuliko wote. Ndiye pia ambaye, kama kuna chembe ya saratani iliyobaki, kichocheo cha kukuza hakitachagua nani wa kumkuza. Kwa hiyo ningependa kuwaona panya wazee, wenye ini la makovu, wakipimwa amonia na muda wa damu kuganda, kisha waachwe waishi.

Tulipokuwa tunainuka, mama akamgeukia kijana. "Mwanangu, hao panya waliochomwa, baada ya mwezi walibaki wangapi?"

Kijana akafungua simu, akaipitia habari yake tangu mwanzo.

"Wameandika uzito tu, mama."