Lincoln au Cadillac ya miaka ya 60: jibu liko chini ya gari

Paa la turubai la Lincoln Continental likigoma katikati, kifuniko cha buti kimesimama wima na kitambaa kinaning'inia hewani, mashabiki wa Cadillac huona kesi imekwisha. Ford walitengeneza gari la kutazamwa, wanasema, General Motors wakatengeneza gari la kuendeshwa. Mashabiki wa Lincoln nao hujibu kwa Cadillac ya 1959 na mapezi yake marefu ya nyuma, kisha huuliza nani mwenye macho angeipendelea hiyo kuliko mistari mitulivu ya Continental ya 1961. Ubishi huu una zaidi ya miaka 60 na kila upande una ukweli wake. Ila ukweli huo haumsaidii sana anayetaka kulinunua gari lenyewe na kulitunza.

Hoja ya nani ni wa asili zaidi haina uzito. Henry Leland ndiye aliyesimamisha Cadillac mwaka 1902, na ni yeye huyohuyo, pamoja na mwanawe Wilfred, aliyeanzisha Lincoln mwaka 1917. Cadillac ilinunuliwa na General Motors mwaka 1909, Lincoln ikanunuliwa na Ford mwaka 1922 kwa dola milioni 8. Hoja ya marais nayo ni hivyohivyo: Eisenhower aliapishwa mwaka 1953 akipunga mkono ndani ya Cadillac Eldorado, Kennedy akawa na Lincoln ya 1961. Ukitaka mpinzani halisi wa Cadillac kwa heshima ya kabla ya vita, huyo alikuwa Packard, kampuni nyingine ya magari ya Marekani, na jina lake lilikoma mwaka 1958.

Ubishi wenye maana unaanzia 1961. Mwaka huo Lincoln ilipunguza urefu wa gari lake kutoka takriban mita 5.77 hadi 5.39, ikaondoa karibu kila pambo, ikarudisha milango ya nyuma yenye bawaba upande wa nyuma. Umbo hilo, lililotoka kwenye timu ya mbunifu Elwood Engel, lilianza kama pendekezo la Thunderbird, gari jingine la Ford. Kiwandani Wixom, Michigan, kila injini ilizungushwa saa 3 kabla ya kufungwa, na kila gari lilipelekwa barabarani maili 12 kabla ya kutoka. Dhamana ilikuwa miaka 2 au maili 24,000. Huo haukuwa utangazaji mtupu: ukiifunga milango ya Continental ambayo haijaliwa na kutu, unasikia uzito wa chuma kinachokaa mahali pake.

Hata hivyo Lincoln iliuza magari 25,164 tu mwaka huo, Cadillac ikauza zaidi ya 138,000. Mashabiki wa Lincoln huzichukua namba hizi kama sifa, kwamba gari lao ni adimu. Kwa mtunzaji, namba hizo zina maana nyingine. Injini ya Lincoln, V8 ya inchi za ujazo 430 (lita 7.0), ilikuwa ya familia iliyotumika miaka michache na magari machache. Hedi zake ni bapa, chumba cha mwako kimo ndani ya bloku, kwa hiyo fundi aliyezoea V8 nyingine za Marekani asiikadirie kwa mazoea. Ni injini imara, lakini pistoni, gasketi na pampu ya maji utazitafuta na utazilipia.

Tatizo kubwa zaidi ni bodi. Continental haina chasi ya kutenganishwa. Bodi yenyewe ndiyo chasi. Ikiwa nzima ni ngumu ajabu. Kutu ikiingia kwenye vizingiti vya chini ya milango na kwenye viungo vya sakafu, gari zima linalegea, na hakuna reli za chini za kulishikilia. Kwenye lile la paa la kukunja, lenye uzito wa zaidi ya kilo 2,300, kosa hili linaweza kuonekana kabla hujalala chini ya gari. Funga milango yote minne, simama ubavuni, tazama mwanya kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Mwanya ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeinama katikati. Kisha fungua mlango mmoja mmoja: ukilazimika kuunyanyua ili ufunge, usidanganyike kwamba ni bawaba. Pitisha sumaku kwenye vizingiti. Inapokataa kushika pana puti badala ya bati.

Hapa ndipo magari mengi huharibiwa na mafundi wenye nia njema. Wanakata kizingiti gari likiwa juu ya stendi mbili za mbele na mbili za nyuma, katikati pananing'inia, wanachomelea bati jipya, na gari linabaki limepinda milele. Utaratibu sahihi ni kulitegemeza gari kwenye ekseli au chini ya sasipenshani, kunyanyua katikati kidogo kidogo hadi mianya ya milango ilingane, kuchomelea nondo za muda kwenye nafasi za milango, ndipo kukata, upande mmoja kwanza.

Na lile paa? Linasemwa vibaya kuliko linavyostahili. Ni mfululizo wa hatua: kifuniko cha buti kinafunguka, paa linaachia kioo cha mbele, haidroliki inalikunja, kifuniko kinarudi. Kila hatua ikikamilika inabonyeza swichi inayoruhusu hatua inayofuata. Kwa hiyo likigoma, usikimbilie mota ya hatua inayofuata. Kagua swichi ya hatua iliyokwisha. Mara nyingi imesogea kidogo tu au ina kutu. Kabla ya hapo, chaji betri, pima volti wakati mfumo unafanya kazi, na sugua sehemu waya za ethi zinaposhika bodi, maana relei (swichi zinazoendeshwa na umeme) zenye umeme hafifu hudanganya. Usilisukume paa kwa mkono mota ikiwa inazunguka. Kinachosumbua kimyakimya zaidi ni waipa, ambazo Lincoln iliziendesha kwa haidroliki ya usukani. Zikivuja, usukani nao unaishiwa oili.

Sasa Cadillac. Ile ya 1964 ndiyo yenye hoja nzito zaidi: injini ya inchi 429 (lita 7.0) yenye nguvu za farasi 340, na kwenye modeli za De Ville na Eldorado, giaboksi mpya ya Turbo Hydra-matic. Giaboksi hiyo iliendelea kutengenezwa kwa miongo, ikafungwa hata kwenye malori, na spea zake bado ni rahisi kupata. Tabia yake moja inafaa kujulikana. Gari likianza kutoa moshi mweupe wenye harufu ya oili ya gia, huku gia zikibadilika kwa kuchelewa na kwa kishindo, wengi hufikiri injini imekufa. Chomoa mpira wa vakyumu kwenye modyuleta, kikopo kidogo cha chuma kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Mpira ukiwa umelowa oili nyekundu, utando wa ndani umetoboka na injini inainyonya oili hiyo. Unabadilisha kikopo kimoja, unaongeza oili, kazi imekwisha.

Breki pia ni za kupewa haki. Cadillac iliweka mizunguko miwili ya breki tangu 1962, hivyo bomba moja likipasuka magurudumu mawili bado yanashika. Lincoln ilibaki na mzunguko mmoja hata 1965 ilipoweka diski mbele. Diski zinapunguza moto wa breki kwenye mteremko mrefu. Hazikuokoi bomba likipasuka.

Lakini Cadillac haina usafi inaosifiwa nao. Hadi 1964 ilitumia chasi ya umbo la X, isiyo na reli za pembeni, na mlango ukigongwa ubavuni hakuna chuma kikubwa kati ya gari linalokuja na abiria. Mfuniko wa mbele wa injini kuanzia 1963 ni wa alumini na maji ya rejeta hupita humo. Maji ya bomba yasiyo na dawa huula hadi yapate njia ya kuingia kwenye oili. Oili ikiwa kama maziwa, kagua mfuniko huo kabla ya kufungua hedi. Weka nusu dawa ya kupozea, nusu maji yaliyochujwa kwa mvuke, na uyabadilishe kila miaka 2. Tena Cadillac ilibadilisha mapambo yake kila mwaka: taa ya nyuma ya 1963 haikai kwenye ya 1964. Spea za injini ni rahisi, kromu na vioo vya taa ndivyo vinavyomaliza pesa.

Kwa uzuri, Continental ya 1961 hadi 1963 haina mshindani, na mwenye kuipinga hilo hajakaa nayo jua la jioni likiipiga ubavuni. Kwa matumizi, De Ville ya 1964 ni gari bora. Mwenye pesa za gari moja na fundi wa kawaida achukue De Ville. Anayeitaka Lincoln kwa dhati achukue ya paa la bati, tena ya 1966 au baadaye, ambayo ilipata injini ya inchi 462 na giaboksi ya C6 ambayo mafundi wengi wanaifahamu. Ya turubai aikague kwanza mianya ya milango, na akiambiwa paa "linahitaji fyuzi tu", aombe muuzaji aiweke hiyo fyuzi mbele yake.