Haka ya kushangilia ruksa, haka ya kupinga siku 21

Kabla ya Juni 2025, adhabu ndefu kuliko zote za kusimamishwa mbunge New Zealand ilikuwa siku tatu. Aliipata Robert Muldoon mwaka 1987, mtu aliyewahi kuwa waziri mkuu kwa karibu miaka tisa, kwa kumshambulia Spika kwa maneno. Tarehe 5 Juni 2025 Bunge hilo hilo liliwasimamisha viongozi wenza wa Te Pāti Māori, chama kinachotetea Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, Rawiri Waititi na Debbie Ngarewa-Packer, kwa siku 21 kila mmoja, na mwenzao Hana-Rāwhiti Maipi-Clarke kwa siku saba. Kosa lenyewe ni haka, ngoma ya Kimaori ya kuimba kwa kishindo, waliyoipiga ukumbini Novemba 2024, wakati wa kupigia kura mswada wa David Seymour wa chama cha ACT wa kufafanua upya misingi ya Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya ufalme wa Uingereza na machifu wa Kimaori. Video yake ilizunguka dunia nzima, na wengi walioiona walishabikia bila kujua kilichofuata.

Kilichofuata ndicho kinachohitaji kupimwa, na wanaotetea adhabu wana hoja isiyostahili kupuuzwa. Judith Collins, aliyeongoza kamati ya haki za Bunge iliyosikiliza shauri hili, alisisitiza kuwa tatizo halikuwa haka wala tikanga, yaani mila na taratibu za Kimaori. Tatizo, kwa maelezo yake, ni kukatiza kura na kuwaendea wabunge wa ACT mpaka mbele ya viti vyao. Mwenye wabunge wengi anajilinda kwa idadi yao; mwenye wachache hana kinga nyingine isipokuwa kanuni. Leo wachache wakikatiza kura kwa haka, kesho wengi watakatiza kwa nyimbo zao mswada ambao Wamaori wanautaka upite, na hapo nani atalalamika? Tena hili si shauri la Wazungu dhidi ya Wamaori. Winston Peters na Shane Jones wa chama cha New Zealand First, wote wawili Wamaori, walikuwa upande wa adhabu, na Seymour mwenyewe ana asili ya Kimaori. Hata kwenye marae, uwanja wa mikutano wa Kimaori, mtu hainuki tu akanena: kuna zamu, kuna mwenye haki ya kutangulia, kuna mahali pa kusimama.

Mpaka hapo sina ugomvi nao. Ila kosa la kukatiza kura lilikuwa limeshaadhibiwa. Siku ile ile Spika Gerry Brownlee alisitisha kikao na kumsimamisha Maipi-Clarke kwa saa 24. Kwa hiyo miezi saba baadaye Bunge lilikuwa linaadhibu nini, na kwa kipimo gani? Hata Brownlee, ambaye hakuna anayeweza kumwita mtetezi wa vurugu, aliliambia Bunge kuwa adhabu iliyopendekezwa ni kali na haina mfano, na kwamba ilipitishwa ndani ya kamati kwa wingi mwembamba, ilhali mambo ya namna hii huamuliwa kwa maafikiano. Akawasihi watafute njia ya kati. Hawakuipata. Kura zikawa 68 kwa 54, na hizo 68 ni idadi kamili ya wabunge wa vyama vitatu vilivyokuwa vikiunda serikali.

Kuna hesabu nyingine, na hii ndiyo isiyonitoka kichwani. Wabunge wote watatu walitoka kwenye viti vya Wamaori: Maipi-Clarke Hauraki-Waikato, Waititi Waiariki, Ngarewa-Packer Te Tai Hauāuru. Viti hivyo vilianzishwa na sheria ya 1867, wakati huo vinne, leo saba. Kwa juma zima, basi, viti vitatu kati ya saba vilivyowekwa mahsusi ili Wamaori wasikike vilikaa wazi kwa amri ya Bunge, na viwili kati yake viliendelea kuwa wazi kwa majuma mawili zaidi. Muldoon alipotolewa, Bunge lilimkosa mtu mmoja mwenye ulimi mkali. Hapa ni karibu nusu ya uwakilishi maalumu wa jamii moja uliofungiwa nje, na waliobaki nyumbani bila mbunge ni wapiga kura ambao hawakuinua hata mkono. Atakayesema kanuni haibagui, sawa, haibagui katika maandishi yake. Katika matokeo yake imeangukia upande mmoja kwa uzito ambao haijapata kumwangukia mtu mwingine.

Na kumbuka watatu hao waliomba wasikilizwe pamoja, wakaomba pia mtaalamu wa tikanga aruhusiwe kutoa maelezo mbele ya kamati. Walikataliwa, nao wakakataa kufika. Walikosea kutokwenda, nadhani. Lakini kamati inayosema shauri halihusu tikanga, huku ikimzuia mjuzi wa tikanga kueleza kama linahusu au halihusu, imeshatoa hukumu kabla ya kusikiliza.

Sasa tufike kwenye kanuni zenyewe. Haka si ngeni ndani ya Bunge la New Zealand. Mswada wa kumaliza madai ya kabila fulani chini ya Mkataba unapopitishwa, wageni kwenye roshani huimba waiata, yaani nyimbo za Kimaori, wakati mwingine hupiga haka, na wabunge wa pande zote husimama wakitabasamu. Hiyo imekubaliwa kwa sababu imeombewa ruhusa na kwa sababu kila mtu amefurahi. Utamaduni umeingizwa ukumbini kama zulia la sherehe. Ukitaka kuutumia kubisha, unakuwa utovu wa nidhamu. Oktoba 2025 Oriini Kaipara wa Te Pāti Māori, aliyeshinda uchaguzi mdogo wa Tāmaki Makaurau, alitoa hotuba yake ya kwanza. Waiata ilikuwa na kibali. Haka ilipozuka roshani baada yake, Spika alisimamisha kikao. Siku hiyo hapakuwa na kura iliyokatizwa wala mbunge aliyevukiwa kiti chake. Basi ile hoja ya Collins, nzuri kama ilivyo, haielezi yote.

Wanaodai kwamba kanuni hazigeuzwi kwa shinikizo wakumbuke kisa cha tai ya shingoni. Februari 2021 Spika Trevor Mallard alimtoa Waititi ukumbini kwa kuvaa hei tiki, kidani cha Kimaori, badala ya tai. Kesho yake tu sharti la tai likaondolewa, na Bunge halikuporomoka. (Wakenya watacheka kwa uchungu: Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Mabunge yetu yamerithi kabati moja la nguo na Bunge la New Zealand.) Hata tafsiri ya papo kwa papo ya Kimaori ilianza ukumbini mwaka 2010 tu.

Mimi singetaka haka iruhusiwe wakati karani anaita kura. Kura ikianza, iishe. Ila matokeo yakishatangazwa, kungekuwa na dakika chache ambazo chama kinaweza kuziomba mapema kwa ajili ya kauli ya kimila, ya furaha au ya kupinga, bila Spika kupima kama inapendeza. Na adhabu ya kusimamishwa iwe na ukomo ulioandikwa, usioweza kupitwa ila kwa ridhaa ya sehemu ya upinzani.

Haya hayatapita kirahisi. Kamati ya Kanuni za Kudumu huongozwa na Spika na kwa desturi hufanya kazi kwa maafikiano, kwa hiyo vyama vile vile vilivyopiga kura 68 vinaweza kuyakwamisha kwa kunyamaza tu. Lipo moja, hata hivyo, lisilohitaji kubadili kanuni yoyote: shauri la namna hii likirudi, mwenyekiti amruhusu mtaalamu wa tikanga aketi mbele ya kamati na aseme. Wabunge watabaki na uhuru wao wote wa kutokubaliana naye.