Kompyuta ya 2017 ina kosa gani?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana, kwa hiyo mashine nyingi zilizokuwa zikichapa kazi bila tatizo zikabaki hazina mbele wala nyuma. Anayeamua zitupwe au zibaki si waziri wa mazingira, ni kijana wa TEHAMA pale ofisini. Je, chuoni alifundishwa kuamua?

Kwenye karatasi, ndiyo. Mwongozo wa mitaala ya sayansi ya kompyuta uitwao CS2023, ulioandaliwa na vyama vya wataalamu vya ACM, IEEE Computer Society na AAAI, una sehemu ya uendelevu, yaani kutumia teknolojia bila kuharibu mazingira, na kanuni za maadili za ACM za 2018 zinautaja pia. Darasani mambo ni mengine.

Wanaopinga uendelevu kufundishwa wana hoja. Miaka minne ya digrii ya Kenya imejaa pomoni: mitandao, hifadhidata, usalama, na sasa akili bandia. Ukiingiza somo, jingine litoke. Mwajiri naye haulizi habari za kaboni, anauliza kama unajua kuandika programu. Wapo pia wanaosema mzigo huu ni wa waliochafua zaidi, na hapo siwalaumu. Isitoshe, kozi mpya ya Ijumaa alasiri itakaririwa, itafanyiwa mtihani, kisha isahaulike.

Upande wa pili kuna jalala. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Ila watetezi wengi wa uendelevu hufundisha kana kwamba tuko Ujerumani, ambako makaa ya mawe bado yanachomwa: boresha msimbo, okoa umeme. Umeme wetu mwingi ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Uchafu mkubwa wa kompyuta mpakato tunayotumia hapa ulishafanyika migodini na viwandani, kabla boksi halijafunguliwa. Kwetu basi uendelevu ni hesabu ya miaka: mashine ile ile idumu minane badala ya minne.

Nenda Luthuli Avenue, Nairobi, umtazame fundi. Anafungua kifuniko, anapuliza vumbi la feni, anatoa diski ya kuzunguka na kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, anaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kompyuta ya 2017 inaamka upya. Analetewa nyingine, mpya zaidi na nyembamba, RAM yake imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Anamrudishia mwenyewe. Aliyeandika vipimo vya zabuni ya hiyo ya pili huenda ana digrii, lakini fundi ndiye ajuaye ilipasa kuulizwa nini.

Hata hivyo, kompyuta isiyopata masasisho ya usalama, ikiwa kwenye mtandao wa hospitali, ni mlango usio na komeo. Linux, mfumo endeshi wa bure, huwatatulia wengi hilo, ila programu ya uhasibu ikigoma humo, mhasibu hatakuelewa.

Ndiyo maana sitaki kozi mpya. Nataka maswali ndani ya kozi zilizopo. Siku ya kutetea mradi wa mwaka wa nne, mtahini ampe mwanafunzi simu ya zamani yenye RAM ya GB 2 na kumwambia: ifungue programu yako hapa.