Ramani ya Zanzibar mpaka Kongo, na ule mkanda wa maili kumi

Wiki iliyopita kuna picha ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu hapa Wete, Pemba, ramani ya Afrika Mashariki imepakwa rangi nyekundu, inaanzia Mogadishu inashuka mpaka mpakani na Msumbiji, halafu inaingia bara, Tabora, Ujiji, inavuka ziwa Tanganyika inakwenda kuishia huko Kongo, na juu yake kaandikwa hivi ndivyo ingekuwa Zanzibar lau si Mzungu. Jioni barazani nikamuonyesha ami yangu, yeye mvuvi, akavaa miwani, akaikuza kwa vidole, akaikuza tena, mwisho akauliza, "Sasa Pemba yenyewe iko wapi?" Na kweli bwana, aliyeichora kaijaza rangi nusu ya Kongo, Pemba kaisahau.

Watu wakacheka lakini ubishi ukaanza palepale na haukwisha mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Kuna waliosema tuliibiwa nchi mchana kweupe, na kuna waliosema ile nchi haikuwa yetu hata siku moja, Sultani alikuwa na miji tu na bendera. Mie nimekaa nalifikiria hili jambo siku kadhaa na naona kila upande una haki yake, ila wote wanapimia kwa pima isiyokuwa ya kwetu.

Hebu tuanze na hao wa tuliibiwa, mana wana hoja nzito. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, akarudi na makaratasi yaliyotiwa alama na wakubwa wa huko ambao hata sijui walielezwa nini, Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikayapigia muhuri. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipolalamika kwamba huko ni kwake, Agosti mwaka huohuo wakamletea manowari zikatia nanga mbele ya mji. Halafu ndo ikaundwa tume ya kupima nchi ya Sultani inaishia wapi, Mjerumani mmoja, Mfaransa mmoja na Muingereza ambaye ni yule Kitchener aliyekuja kupata jina baadaye Sudan, na mwenye nchi hana kura. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakakubaliana wao kwa wao: Sultani apewe Unguja, Pemba, Lamu, Mafia na mkanda wa pwani wenye upana wa maili kumi za baharini, kama kilomita 18 na nusu hivi, kuanzia pale maji yanapojaa mwisho, kutoka ghuba ya Tungi upande wa kusini mpaka Kipini kaskazini. Juu ya Kipini wakamuachia miji tu, Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu kila mmoja na duara lake la maili kumi, na Warsheikh maili tano. Yani watu walichukua bikari kama watoto wa darasa la sita wakazungusha.

Sasa wewe fikiria mtu wa Pangani ana shamba la miwa na shamba lenyewe linavuka maili ya kumi. Nusu yuko kwa Sultani, nusu yuko kwa Mjerumani, na mto ni ule ule. Na biashara yote ya Mrima, yani pwani ya bara inayotazamana na Unguja, ilikuwa inategemea kitu kinachotoka mbali, pembe za ndovu kutoka Unyamwezi na kule ng'ambo ya ziwa, kwa hivo ukimkatia mtu bara ukamwachia pwani umemuachia mlango wa nyumba iliyobebwa. Kwenye hili nakubaliana nao kabisa, mkanda wa maili kumi ulikuwa mpaka wa kuua, sio wa kuishi.

Lakini ukija upande wa pili nao hawasemi upuuzi. Usemi wetu wa likipigwa zumari Unguja hucheza walioko maziwani ni mtamu sana, ila kucheza ngoma si kutii amri. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alipigana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya misafara, Barghash akapeleka askari, na bado Mirambo hakuvunjika, alikufa mwaka 1884 akiwa mtawala kwake. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara Tippu Tip, alikuwa na nguvu Kongo kwa bunduki zake na mikataba yake mwenyewe, na mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Stanley Falls, mshahara juu, sasa hiyo ni nchi ya Zanzibar au ni ya nani? Hata pwani kwenyewe, mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipokodishwa forodha za Mrima na Abushiri bin Salim akasimama kupigana nao kutokea Pangani, hakuwa anapigana kwa ajili ya Sultani, ukoo wake ulikuwa na ugomvi wa muda na Mabusaidi, ukoo wa Sultani. Wakamnyonga Disemba 1889. Na majumbe, wakubwa wa miji ya Mrima, walikuwa na ada zao wanazotoza wenyewe, wao na liwali, mtawala aliyewekwa na Sultani, walikuwa wanaishi kwa kuvumiliana.

Halafu kuna jambo ambalo ile picha nyekundu inalifunika na barazani watu wanalipita haraka. Ile njia ya Tabora na Ujiji haikubeba pembe peke yake. Soko la watumwa hapa lilifungwa Juni 1873, lakini mikarafuu ya Unguja na Pemba ilipandwa na ikachumwa na watu walioletwa kutoka humohumo ndani ya ile rangi, Wayao, Wanyasa, Wamanyema, na sheria ya kuondoa utumwa visiwani imekuja 1897. Ukimuuliza bibi wa watu aliyetolewa Nyasa akiwa mtoto, angeutaka mpaka ufike wapi? Mie sina jibu la kumsemea, ila anayechora dola kubwa amuweke na yeye kwenye hesabu.

Sasa kwa nini nimesema wote wanapimia pima ya watu. Mana ile dola haikuwa dola ya ardhi, ilikuwa dola ya forodha. Sayyid Said, Sultani wa Oman, alipohamia huku alichokijenga ni mfumo wa kutoza, mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 uliweka ushuru wa asilimia 5, na forodha yenyewe ikakodishwa kwa matajiri wa Kihindi kina Jairam Shivji. Na ukitaka kuona mpaka alioujali kweli, angalia mkataba wake na Waingereza wa 1839: wafanyabiashara wa Kiingereza ruhusa kila mahali isipokuwa pembe na sandarusi kutoka Mtang'ata mpaka Kilwa, hapo mgeni asiguse. Huo ndo mpaka! Hauna upana, hauna maili, hausemi ardhi ni ya nani, unasema bidhaa gani itoke bandari gani na ipite mkononi mwa nani. Kitchener na wenzake wakaja wanauliza Sultani anatawala mpaka mti gani, ni sawa na kumuuliza muuza samaki bahari yake inaishia wapi.

Hata wakati wa kugawa mirathi walijua hivo. Sayyid Said alipokufa baharini mwaka 1856, Oman ikashikwa na mwanawe Thuwaini na Zanzibar na mwanawe Majid, ugomvi ukaamuliwa mwaka 1861 na gavana wa Waingereza kule India, Lord Canning: Zanzibar iwe nchi yake mbali, lakini iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Walichopimana ni mapato.

Wazungu wenyewe walikuwa na mchezo huu wa kuchora upya kwao. Mromania mmoja, Aurel Popovici, mwaka 1906 aliikata dola ya Austria na Hungaria kwa lugha, Wacheki kwao, Waromania kwao, Waslovenia kwao, na haikufanywa. Huku kwetu usingeanza hata. Mji mmoja wa Bagamoyo ungeukatia wapi, Mbaluchi askari, Mkachi wa duka, Mshihiri, Mzaramo, Mnyamwezi mpagazi, na wote wanabishana bei kwa Kiswahili?

Mchoro mwengine ambao watu wanauota ni ule wa kwamba mkanda ungebaki. Hapa ndo pananiuma mie kidogo, kwa sababu ya hesabu. Mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani wakabadilishana, Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland huko kwao, Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Muingereza, na pwani kutoka mto Umba kushuka chini pamoja na Mafia ikauzwa kwa Mjerumani kwa marki milioni 4, kama pauni 200,000. Pesa hizo hazikukaa. Mwaka 1895 zilitumika kuifidia kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekodi mkanda wa upande wa Mombasa, halafu serikali ya Uingereza ikaukodi mkanda huohuo kwa Sultani kwa pauni 11,000 kwa mwaka, jumlisha 6,000 za riba, 17,000. Yani pesa ya pwani iliyouzwa ikalipia mpangaji wa pwani iliyobaki aondoke, ili aingie mpangaji mwengine ambaye ndo huyohuyo anayekuwekea vitabu vya hesabu. Ami aliposikia hii akasema basi hata mchuuzi wa pweza hafanyiwi hivo.

Bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus, Mombasa, mpaka 1963. Tume ya Robertson ya Waingereza mwaka 1961 ilishapendekeza mkanda uunganishwe na Kenya, watu wa Mwambao, yani wa mkanda huo, walikuwepo waliotaka kujitenga na walikuwepo waliokataa katakata, na Oktoba 1963 Mohamed Shamte, waziri mkuu wetu, akakubaliana na Kenyatta, mkanda ukaenda na mahakama za kadhi zikalindwa, zipo mpaka leo kwenye katiba ya Kenya. Wanaomlaumu Shamte naomba wanambie angefanya nini. Reli ya kwenda Uganda ilianzia Mombasa mwaka 1896, bandari ya Mombasa bila ile reli ni gati la madau, na karibu reli yote iko nje ya maili kumi. Na sie wenyewe miezi mitatu baadaye tulikuwa kwenye mapinduzi, mkanda ungeangaliwa na nani?

Lakini mpaka una njia yake ya kumfuata mtu hata kama yeye hana habari nao. Ami yangu ujanani alikuwa anakwenda dago, kambi ya wavuvi, huko Shimoni, Kenya, miezi mitatu minne, na wenzake wengine hawakurudi, wakaoa hukohuko Kwale na Kilifi, wakazaa, watoto wakazaa, na wote wale walikuwa hawana kitambulisho, si wa Kenya si wa Tanzania, mtoto alikuwa hafungui akaunti, hasajili hata laini ya simu kwa jina lake. Imefika mwaka 2023 ndo serikali ya Kenya ikawatambua Wapemba kuwa ni raia. Mkondo ule wa bahari baina ya hapa na Vanga haukuwahi kuwa mpaka wa mtu mpaka karatasi zilipoufanya uwe, na hilo hakuna aliyelichora kwenye ile ramani nyekundu.

Basi mkinilazimisha na mie nichore, Kongo sitaki, Tabora sitaki, mkanda wa maili kumi bora asipewe mtu yeyote. Ningechora visiwa tu, Lamu, Pemba, Unguja, Mafia, na bandari za Mrima ziwe wazi kwa ushuru wa makubaliano, mpunga uje na nguo ziende. Najua na hiyo ina kasoro, visiwa havijilishi, na Lamu kutoka hapa ni safari. Ila Mafia jamani, Mafia hata ile tume ya bikari ilikubali mwaka 1886 kuwa ni ya Zanzibar, miaka minne baadaye ikatiwa kwenye kapu moja na pwani kama nyongeza ya muuza ndizi. Nilisema hivi barazani na jamaa mmoja mwenye mke wa Kilindoni, Mafia, akanijibu nimpigie simu shemegi yake nimuulize kama anataka. Namba ninayo, sijapiga.