Waliopiga kura wanakaa mjini

Makala hii ya kurudishwa kwa mbwa mwitu (wale wanaoitwa "wolf", si mbwa mwitu wetu wa Afrika) katika jimbo la Colorado, Marekani, inawasema wafugaji wa huko kana kwamba wanawachukia bila sababu. Mbona haikutaja kura yenyewe? Mwaka 2020 pendekezo la kuwarudisha lilipita kwa tofauti ndogo mno, likibebwa na miji kama Denver na Boulder. Sheria ikataka waachiliwe magharibi mwa jimbo, ambako kaunti nyingi zilikataa. Desemba 2023 wakaletwa kumi kutoka jimbo la Oregon, na kufikia Aprili 2024 ndama wameanza kuliwa kwenye kaunti ya Grand, hukohuko magharibi. Nani asingenuna?

Fidia ipo, tena nono: hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja. Kifuta jasho chetu Tanzania hakifiki hata robo yake (kikifika). Lakini ng'ombe anayekimbizwakimbizwa hukonda na wengine hawashiki mimba, na hasara ya namna hiyo kuithibitisha ni kazi kwelikweli.

Ndugu msomaji uliyeshauri kwamba wafugaji hao wajenge maboma kama Wamaasai, umesahau kitu. Mmaasai anarudisha mifugo jioni. Kule, majira ya joto, ng'ombe wanalala hukohuko milimani, wametawanyika kwenye malisho ya serikali. Utawazungushia seng'enge milima mingapi? Kinachofaa ni walinzi waliopanda farasi wa kuzunguka na mifugo, na mizoga iondolewe mapema isiwavute mbwa mwitu. Mpango wa jimbo wa walinzi hao ulianza kazi 2025, mbwa mwitu wakiwa wameshatangulia zaidi ya mwaka. Hapo ndipo mwandishi wa makala angewabana wakubwa wa jimbo.