Amanaz ni Jirani Zetu

Kutoka Mbeya mjini hadi Tunduma ni kama kilomita mia moja, na ukivuka pale uko Zambia. Wanyiha na Wanamwanga wapo pande zote mbili za mpaka. Vijana wa Rungwe walikwenda Copperbelt kuchimba shaba tangu enzi za mkoloni, kisha ikaja Tazara, kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ndiyo maana inaniuma kwamba Africa, albamu ya bendi ya Amanaz iliyotoka Zambia mwaka 1975, inajulikana zaidi kwa wakusanya santuri wa Marekani na Ulaya kuliko kwa mtu wa Soweto au Mwanjelwa hapa Mbeya.

Ilikuwa albamu yao ya kwanza na ndiyo ikawa ya mwisho. Muziki wenyewe ni Zamrock, yaani roki ya vijana wa Zambia wa miaka ya 70, enzi Rais Kenneth Kaunda alipotaka redio ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani. Bei ya shaba ikaporomoka, fedha zikakauka, na baadaye UKIMWI ukawamaliza wengi. Katika kikosi cha awali cha WITCH, bendi kubwa kuliko zote za Zamrock, amebaki mwimbaji Emmanuel "Jagari" Chanda peke yake.

Lebo ya muziki ya Now-Again ya Los Angeles imeirudisha Africa kwenye santuri, na imefanya jambo moja ninalolipenda mno: imetoa michanganyo (miksi) yote miwili ya sauti za albamu hiyo, ule uliojazwa mwangwi na ule mkavu. Wengi husifia wa mwangwi, eti una ndoto ndani yake. Mimi nasimama na ule mkavu. Sikiliza "Khala My Friend" katika michanganyo yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Kwenye mwangwi magitaa yanaelea na sauti inarudi nyuma, kana kwamba waimbaji wako ukumbi wa pili. Kwenye mkavu wanasogea. Unasikia wapi gitaa la rithimu linaishia na wapi la solo linaingia, na huzuni ya wimbo inakufikia moja kwa moja. Halafu weka "History of Man", gitaa linakwaruza na kunguruma, hakuna pa kujificha. Bendi inayoweza kukaa kimya hivyo na kisha kupiga kwa hasira hivyo, ndani ya albamu ile ile, haikustahili kusahaulika.

Nimewahi kuambiwa kuwa hawa waliiga Wazungu tu. Sikubaliani kabisa. Gitaa la umeme limepita mikononi mwa kila bendi ya dansi tunayoiheshimu, na hakuna anayemwita Mbaraka Mwinshehe mwigaji. Amanaz waliimba Kiingereza, ndiyo, lakini waliimba pia kwa lugha za nyumbani, na wimbo unaofunga albamu, "Kale", unakwenda taratibu kama mzee anayesimulia.

Kilichobaki ni kuifikisha huku. Santuri ikichapwa ng'ambo, ukijumlisha usafiri na ushuru, bei yake haimfai mwalimu wala dereva wa daladala wa Uyole, na wenye mashine ya kuichezea ni wachache. Siwalaumu walioichapa, bila wao pengine tusingekuwa na cha kusikiliza. Lakini vituo vya redio vya Mbeya havihitaji santuri. Nyimbo hizi zipo mtandaoni. Watangazaji wetu wana vipindi vya zilipendwa kila Jumapili, na wanapiga Kongo, wanapiga Kenya, wanapiga Cuba. Zambia iko hapo Tunduma. Waanze na "Easy Street", kisha waache "Kale" icheze hadi mwisho bila kuikatiza kwa tangazo, na wawapigie simu wazee wa Tazara waliokuwa wakilala Kapiri Mposhi miaka ile watuambie walisikia nini kwenye baa za kule.